Nambari Kumi na Moja Katika Mchezo wa Tano

Mlinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, na nawashukuru, ingawa mtu aliyeketi kando ya saa ya mchezo umri wake wote hana hamu tena ya kuhesabiwa dakika. Nimeitundika jikoni, inanifaa kwa kuchemsha mayai. Mkaniomba pia niwaandikie habari za kazi ya meza, ili nyinyi mnaoirithi mjue ilikuwaje kabla ya mashine kuja. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili nilipewa kwa sababu aliyestahili alihamia Malindi. Mshahara nao tuuache, ulikuwa na haya, haukupenda kutajwa mbele za watu.

Kwa asiyenijua, naitwa Rukia, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, na kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi ya alama katika ligi yetu ya mpira wa kikapu ya kulipwa. Watu hudhani meza ile iko pale kando ya uwanja ili iwekewe chupa za maji. Mchezaji hufunga, refa hupuliza filimbi, mashabiki hupasuka koo, lakini kikapu hakijawa kikapu mpaka kiandikwe. Bwana Fida alinifunza hilo siku ya kwanza kabisa.

Bwana Fidahusein, ambaye sote tulimwita Bwana Fida, alikuwa mzee wa Kibohora. Asubuhi aliuza kufuli na misumari dukani kwa kaka yake, alasiri akaja kuandika alama. Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita kuliko changu, na akikosolewa hesabu alikuwa akihamia Kigujarati ili anung'unike kwa nafasi. Mimi siku ile nilitumwa na ofisi ya ligi nimpelekee bahasha tu. Msaidizi wake hakuja. Akaniangalia juu ya miwani, akaniuliza kama najua kuhesabu mpaka mia. Nikamwambia najua. Akanivutia kiti kwa mguu, akaniambia niketi, na sikuinuka tena mpaka mliponiaga.

Alinipa kalamu mbili, nyekundu ya robo ya kwanza na ya tatu, buluu ya robo ya pili na ya nne. Akanionya nisizichanganye. Nilizichanganya siku hiyohiyo, na hakunena nami neno lisilo la kazi kwa wiki mbili. Baadaye ndipo nikaelewa ukali wake. Karatasi ya alama huandikwa mara moja tu, na anayeisoma baada ya miaka kumi hana wa kumwuliza.

Lakini kubwa alilonifunza ni kuitikia. Nyinyi wa mashine hamlijui hili, basi nalieleza. Msaidizi huketi kushoto kwa mwandishi, macho yake uwanjani na kwenye vidole vya refa. Kikapu kikiingia, hutaja timu, nambari ya mchezaji na alama: "Nanga, sita, mbili." Mwandishi huitikia maneno yaleyale, kisha huandika. Msaidizi akishasikia itikio ndipo hugeuza ubao wa alama. Mwandishi hainui kichwa. Bwana Fida alikuwa hana mzaha hapo, alisema anayetazama mchezo atashangilia, na anayeshangilia husahau kuandika. Kwa hiyo niliandika kwa sikio. Nimeandika vikapu visivyo na idadi, na nilivyoviona kwa macho yangu mawili ni vichache mno. Shemeji yangu hukataa kuliamini hili, hudhani nilikuwa nikiingia bure kutazama mpira.

Sasa nije kwenye fainali, maana ndizo mnazoniuliza kila siku. Hazikuzaliwa hivi mnavyozijua. Zamani bingwa alipatikana kwa mchezo mmoja tu, Jumapili baada ya sala ya alasiri. Aliyeshinda ameshinda, aliyeshindwa arudi kwao akalale. Ikaendelea hivyo mpaka mwaka ambao mpira uliingia kikapuni huku honi ya mwisho ikilia. Marefa wawili wakapingana, mmoja akasema umeingia kabla ya honi, mwenziwe akasema baada. Wakaja mezani kumwuliza Bwana Fida. Naye hakuona kitu, alikuwa ameinamia karatasi. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama unapiga kelele, akaogopa, akasema umeingia kabla. Kombe likatoka kwa neno la mtu ambaye hakuona.

Walioshindwa waliandika barua mwaka baada ya mwaka. Mwisho kamati ikaamua fainali iwe michezo mitatu, na baadaye mitano, anayetangulia kushinda mitatu ndiye bingwa. Timu iliyoongoza ligi huanza nyumbani kwa michezo miwili, kisha huenda kwa mwenziwe miwili, na wakitoka sare, mchezo wa tano hurudi kwa aliyeongoza. Kamati ilitangaza kwamba ni kwa ajili ya kuwafurahisha mashabiki. Bwana Fida, akiwa mgonjwa, aliniambia sababu ya kweli: ubingwa usiwe tena mzigo wa kalamu moja. Alinieleza yote hayo akitazama ukuta. Mungu amrehemu, kosa lile moja lilimla miaka yote. Tatizo ni kwamba timu zikitoka mbili kwa mbili, mchezo wa tano hauna tofauti yoyote na ule mmoja wa zamani.

Bwana Fida alipofariki nikakalia kiti chake, na msaidizi wangu akawa Mwachiro, mtu wa Mazeras, mwenye sauti ya kuamsha msikiti na kanisa kwa pamoja. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Tulikuwa tukivuka Feri na sanduku letu la bati kwenda kuandika michezo ya Likoni, ndani yake karatasi, kalamu, honi ya akiba na vibao vya faulo. Wachuuzi pale Feri walizoea kuniuliza nauza nini. Siku moja nilimjibu mmoja kwamba nauza ushahidi, akaniuliza bei.

Basi, mwaka ninaotaka kuwasimulia, fainali ilikuwa kati ya Nanga, timu ya vijana wa Kilindini, na Jabali kutoka Likoni. Nanga walikuwa wameongoza ligi, kwa hiyo walianza nyumbani, katika ukumbi wetu wa kisiwani wenye paa la mabati na kunguru wasiokwisha. Mchezaji wao hodari alikuwa Karisa, nambari kumi na moja, kijana wa Rabai ambaye asubuhi alikuwa karani wa mizigo bandarini. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye adabu kupita kiasi. Mchezaji anayetaka kuingia uwanjani huja kwanza kwenye kigoda kando ya meza, hutaja nambari yake, nami hubonyeza honi ili refa amwite. Wengi walikuwa wakinitupia nambari kama wanaagiza chai. Karisa pekee alikuwa akiketi, akasema, "Shikamoo, Bi Rukia. Kumi na moja." Nami humwitikia marahaba, kisha hubonyeza honi. Marefa walikuwa wakilalamika kwamba salamu zetu zinachelewesha mchezo.

Kila Karisa alipokuwa uwanjani, aliyemkaba alikuwa Bakari, nahodha wa Jabali. Waling'ang'aniana michezo mitatu mizima. Nilikuwa nikisikia viatu vyao tu, wakati wote sambamba. Baada ya mchezo wa tatu, Jabali walikuwa mbele, mbili kwa moja. Siku iliyofuata, Karisa akitoka kazini, lori likamgonga karibu na Makupa. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Tulimzika Rabai, na Jabali wote walikuja, Bakari akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Fainali ikaahirishwa wiki moja. Kabla ya mchezo wa nne, kocha wa Nanga, jina lake Swaleh, akaniletea orodha ya wachezaji wake kumi na wawili. La kumi na moja lilikuwa la Karisa. Nikamwambia kocha hilo haliwezekani. Akaniambia vijana wamekataa kucheza jina lake lisipokuwamo, na kwamba jina lisiloingia uwanjani halimdhuru mtu. Kanuni inasemaje mnaijua: timu iliyofunga kwa mchezaji asiyestahili kucheza hupoteza mchezo, wapinzani wakilalamika. Lakini jina la kukaa tu kwenye karatasi? Nikamhurumia. Nikaliandika kwa mkono wangu, na hilo ndilo kosa langu, sitamtupia mwingine.

Wakaweka jezi yake kwenye kiti kimoja cha benchi. Mama yake walimkalisha nyuma ya meza yetu, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, asiyeujua mchezo hata kidogo. Vijana walikuwa wamemwahidi kwamba wakishinda, kombe watalipeleka nyumbani kwake Rabai. Hakuliomba yeye, lakini aliposikia wanamwahidi, aliamini, na akavuka Feri nasi kwa ajili ya ahadi hiyo.

Mchezo ule wa nne, kule Likoni, Nanga walishinda. Nilipokuwa nikijumlisha karatasi nikaona kitu. Mchezaji anapoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, mwandishi humwekea herufi X ndogo kando ya nambari yake. Kando ya kumi na moja palikuwa na X. Mwandiko ulikuwa wangu, kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo niliiandika robo ya kwanza au ya tatu. Sikumbuki kuiandika. Nikajiambia ni mazoea, mkono umezoea nambari ile, na nikaifuta kwa mstari na kutia saini kando kama inavyotakiwa. Sikumwambia Mwachiro. Njiani kwenye feri alinitazama sana.

Mchezo wa tano ukarudi kwetu kisiwani. Mbili kwa mbili. Ukumbi ulijaa tangu adhuhuri, na joto lilikuwa la kuoka mkate. Mama Karisa aliketi palepale nyuma yangu, jezi ya mwanawe safari hii amepewa aishike yeye mapajani, na kiti cha benchi kikaachwa kitupu. Mimi niliinamia karatasi yangu, nikaandika kama nilivyofunzwa. Timu zilikwenda bega kwa bega. Robo ya nne nikashika kalamu ya buluu, na ilipoingia dakika ya mwisho, Nanga walikuwa nyuma kwa alama moja.

Hapo ndipo refa alipopuliza faulo, mpira ukasimama. Nikasikia kigoda kinalia, kile cha kando ya meza, kwa uzito wa mtu anayeketi. Nikasikia: "Shikamoo, Bi Rukia. Kumi na moja."

Nikaitikia, "Marahaba." Nikabonyeza honi.

Wallahi sikuwaza. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Nilipogutuka, nywele zilinisimama chini ya mtandio, na nikainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile. Kigoda kilikuwa kitupu. Refa alikuwa ameshampungia mkono mtu aingie, mpira umesharudi mchezoni. Nikamgeukia Mwachiro nimwambie, lakini macho yake yalikuwa uwanjani, na mkono wangu ulikuwa umeshaandika X kando ya kumi na moja. Nikainama tena. Nilifanya nilichojua kufanya.

Kisha ukumbi ukanyamaza. Sijui niwaeleze vipi. Ukumbi uliojaa vile, dakika ya mwisho ya mchezo wa tano, huwezi kusikia sauti yako mwenyewe, lakini nilisikia kunguru wakitembea juu ya mabati. Nikasikia mpira ukidundwa, ule mwendo wa viatu vya watu wawili sambamba, na wavu. Kutoka kushoto kwangu nikasikia, "Nanga, kumi na moja, mbili." Nikaitikia, "Nanga, kumi na moja, mbili." Nikaandika. Ubao ukageuka, na ndipo kelele zikarudi zote kwa mara moja. Honi ya mwisho ikalia. Nanga wameshinda kwa alama moja.

Wakati wachezaji wanakumbatiana, mimi nilikuwa bado nimeshika kalamu. Nikamwuliza Mwachiro kwa nini ametaja kumi na moja. Akageuka rangi. Akasema yeye hakutaja kitu, alikuwa akimtazama refa, akanisikia mimi nikisema kumi na moja, mbili, akadhani amepitwa, akageuza ubao. Nikamwambia mimi niliitikia tu. Tukatazamana. Kazi yetu yote miaka ile ilisimama juu ya mmoja kusema na mwingine kuitikia, na siku ile tulikuwa tumeitikia sote wawili.

Tukamwita refa mkuu kabla hajatia saini. Alikuwa mtu mzima, si wa kubabaika. Aliapa kwamba mpira uliingia, umetupwa kihalali, kutoka ndani ya mstari, alama mbili. Nani ameutupa? Akasema alizibwa na migongo. Tukamwita Kocha Swaleh na vijana waliokuwa uwanjani. Nikauliza, nilipopiga honi nani alitoka? Nambari nane akasema yeye, alipoisikia honi alijua anabadilishwa, akaenda benchi. Na nani aliingia mahali pake? Tukawahesabu waliobaki uwanjani. Walikuwa wanne. Nikawauliza mmojammoja kama ni yeye aliyefunga, kila mmoja akatikisa kichwa. Refa akasema kwa sauti ndogo kwamba kabla ya kurudisha mpira mchezoni alihesabu kama kanuni inavyotaka, na alihesabu watano. Kocha naye alikuwa amehesabu watano.

Niliogopa, siwafichi. Lakini hofu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu hii ya pili ilikuwa ya kazi. Karatasi haikubali kikapu kisicho na mwenyewe. Nikiacha kumi na moja pale, Jabali wana haki ya kulalamika kwamba alama zimeandikwa kwa mtu asiyekuwapo, na wakilalamika kombe ni lao, na Nanga watakwenda kumwambia mama wa marehemu kwamba jina la mwanawe ndilo lililowanyang'anya. Nikihamisha alama zile kwa mwingine, hakuna wa kujua. Mstari mmoja tu wa buluu.

Kocha Swaleh akainama sikioni mwangu.

"Mpe sita, Bi Rukia. Nani atakayedhurika?"

Nambari sita alikuwa amesimama palepale, anasikia, machozi yanamtoka. Alisema yeye hawezi kuchukua kikapu cha Karisa, lakini aliyasema akitazama chini, na nilijua nikiandika hatanipinga. Nikainua kalamu. Nawaambia kweli, niliinua. Nyuma yangu Mama Karisa alikuwa hajasogea, jezi mapajani, anatungoja tumalize mambo yetu tusiyomweleza. Nilimtaka ashinde. Sijawahi kuitaka timu ishinde katika maisha yangu ya meza, na siku ile niliitaka.

Kilichonizuia si ushujaa. Ni Bwana Fida na ukuta wake. Aliogopa kelele akasema asilolijua, na kombe likaenda kwa watu ambao hata yeye hakujua kama walistahili, akafa nalo kifuani. Nikaona mimi nitakufa na la kwangu. Nilisikia kumi na moja, nikaandika kumi na moja. Zaidi ya hapo sikujua kitu, na mwandishi asiyejua hana ruhusa ya kubuni. Nikaiweka kalamu chini, nikaichukua karatasi, nikavuka uwanja kuelekea benchi la Jabali. Kocha Swaleh aliniita mara mbili, sikugeuka.

Mnajua kwamba chini ya karatasi pana nafasi ya saini ya nahodha, na kwamba nahodha huitia pale anapolalamika tu. Akiridhika, huiacha tupu. Nilimkuta Bakari ameketi peke yake mwisho wa benchi, taulo shingoni, amewageuzia mgongo wenziwe. Nikamwonyesha mstari wa kumi na moja, lile jina, ile X ya buluu na zile alama mbili. Nikamweleza kwamba jina niliruhusu mimi, kwamba hakuna aliyejitokeza kusema kikapu ni chake, kwamba kanuni iko upande wake, na kwamba akitia saini hapa mchezo ni wao. Nikampa kalamu. Wenziwe walikuwa wameanza kusogea, mmoja wao akasema atie, atie upesi, ubingwa uko mkononi.

Bakari hakutia. Aliusoma ule mstari muda mrefu, jasho likimdondoka kwenye karatasi yangu, na siku nyingine ningemgombeza.

"Bi Rukia," akasema, "mnaniuliza nini? Mimi ndiye niliyekuwa namkaba."

Nikamwuliza alikuwa akimkaba nani.

"Karisa. Tangu ulipopiga honi." Akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeanza kuelewa sasa hivi tu. "Nilidhani sote tunamwona."

Wale wenziwe waliokuwa wakimhimiza wakarudi nyuma. Bakari akanirudishia kalamu mkononi, taratibu, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mkono wake uliokuwa wa baridi kama maji ya kisima. Akasema kikapu kile ni cha haki, hana malalamiko. Nafasi ya nahodha ikabaki tupu. Nilirudi mezani, refa akatia saini yake bila kuniuliza kitu, Mwachiro akatia yake, nami nikatia yangu mwisho. Katika faili za ligi imo hivyohivyo, kumi na moja, alama mbili, kwa buluu, na nyinyi mtakapoikuta msiisahihishe.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kufunga sanduku. Lakini Bakari alikuwa amenifuata, akapita meza, akaenda kusimama mbele ya Mama Karisa. Akainama akamshika mkono, akamwamkia. Yule mama alikuwa hajaambiwa lolote na mtu yeyote, nawaapia. Akamtazama yule kijana wa timu iliyoshindwa, aliyelowa jasho, na akamwuliza jambo ambalo nadhani alikuwa akimwuliza mwanawe kila aliporudi nyumbani jioni.

"Amechezaje leo mwanangu?"

Bakari aliushika mkono ule kwa mikono yote miwili. Kisha akajibu.

"Amenishinda, mama."

Mama Karisa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa alichotarajia. Akaikunja ile jezi mara nne, akaitia mfukoni, akauliza njia ya kutokea ni ipi.